Wimbo Unaoita: Umbo la Nyimbo za Bendi ya Kopi

Bendi ya kopi, inayopiga nyimbo za wengine, inapimwa kwenye ubeti wa pili. Ubeti wa kwanza kila mtu anaujua, na kiitikio hata mpishi aliye jikoni atakipokea. Ukifika ubeti wa pili, mwimbaji ambaye hakujiandaa huanza kumung'unya maneno, kisha anaelekeza kipaza sauti kwa watu kana kwamba anawapa nafasi, nao hawana cha kuimba. Wachezaji wanalegea, wengine wanakumbuka kwamba bia zao zinapata joto mezani. Wimbo haujaisha, lakini ukumbi umeshauacha.

Lawama kwa kawaida humwangukia mwimbaji. Mimi napenda kuanza nyuma zaidi, kwenye daftari la nyimbo ambalo bendi ilikubaliana nalo mazoezini. Muulize kiongozi wa bendi ya hotelini au ya maharusi anachaguaje nyimbo, atakwambia anachagua zinazojulikana. Ni kweli, ila haitoshi. Zipo nyimbo zinazojulikana na kila mtu, ambazo redio ikizipiga watu huacha wanachofanya wakasikiliza, lakini zikipigwa jukwaani na wengine zinalala. Na zipo nyingine zilizokwisha kupigwa na kila bendi, nzuri na mbovu, na bado zinainua watu vitini. Tofauti iko kwenye umbo. Ninavyoona, nyimbo za Kiswahili zinazostahimili kopi ni zile zinazomwita mtu: zinataja jina, zinasalimu, zinadai jibu. Msikilizaji anapata kazi ya kufanya ndani ya wimbo, na kazi hiyo haimtegemei mwimbaji aliyeuimba kwanza.

Tuanze na wimbo wa Kiswahili uliokopiwa kuliko karibu wote, Malaika. Utunzi wake umegombewa kwa miaka mingi. Fadhili William ndiye aliyeurekodi mapema na kuutangaza, naye Adam Salim alidai kuutunga katikati ya miaka ya 1940. Miriam Makeba aliuimba na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965, Boney M wakaurekodi mwaka 1981, Angélique Kidjo naye akaupitia. Umeimbwa na watu wasiojua Kiswahili hata cha kuombea maji, na haukuvunjika. Kwa nini?

Tazama ubeti ulivyojengwa. Una sehemu tatu. Kwanza mstari wa kufungulia, unaoimbwa mara mbili. Kisha kilio cha kijana asiye na mali. Mwisho tamko la ndoa ambayo sharti lake halitimiki, nalo linarudiwa mara mbili. Sasa angalia nini kinabadilika tukitoka ubeti mmoja kwenda mwingine: mstari wa kufungulia tu. Katikati na mwisho hurudi neno kwa neno. Aliyesikia ubeti mmoja ameshabeba sehemu kubwa ya wimbo mzima, na ule mstari mpya anapewa mara mbili, mara ya kwanza ausikie, mara ya pili auimbe. Hapa ubeti wa pili, ule unaowaumbua waimbaji, umekingwa na umbo lenyewe. Hata mwimbaji aliyesahau ana mstari mmoja tu wa kukumbuka kabla watu hawajamdaka.

Lipo jambo jingine la kuchekesha kidogo. Malaika ni wimbo wa mwanamume anayeshindwa kuoa. Hata hivyo ndio wimbo unaopigwa harusini, mbele ya mahari iliyokwisha kulipwa, kamati iliyokwisha kuchangisha na keki ya ghorofa nne. Bwana harusi anamwimbia bibi harusi kwamba hana uwezo, na shangazi zake wanapiga vigelegele. Hakuna anayeona kasoro, kwa sababu masikio ya ukumbi yamekamata mwito wa mwanzo, mtu akimwita mpenzi wake kwa jina la sifa, na yaliyobaki yanafuata nyuma. Umbo limeishinda maana. Kiongozi wa bendi anayechagua nyimbo kwa kusoma maneno yake peke yake angeuondoa wimbo huu kwenye orodha ya harusi, na angekosea.

Ukishaona hivyo, orodha nzima ya zilipendwa inaanza kujipanga kwa majina ya watu. Georgina wa Marijani Rajab na Safari Trippers. Zuwena wa Marijani huyohuyo alipokuwa Dar International. Neema wa Mlimani Park, utunzi wa Cosmas Chidumule. Kasongo wa Orchestra Super Mazembe. Mario wa Franco. Kiswahili chenyewe kinamsaidia mtunzi hapa. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtu akimwita mwenzake kwa mbali, silabi hiyo ndiyo anayoivuta: Zuweena, Georgiina, Kasoongo. Watu mia tatu wasiojuana, waliokunywa vinywaji tofauti, wanavuta pahali pamoja bila kufundishwa. Sentensi ndefu haiwezi kupata umoja wa namna hiyo. Kila mmoja ataimeza kwa pumzi yake, na ukumbi utasikika kama soko.

Jina pia lina faida ya kutobanwa na mtu mmoja. Kasongo ni kilio cha mke anayemtaka mumewe arudi nyumbani, kimerekodiwa Nairobi na Wakongo katika miaka ya 1970. Mwishoni mwa 2024 vijana wa Kenya walimpachika Rais William Ruto jina hilo, na wimbo uliokuwa wa wazee ukarudi kwenye simu na kumbi za watu ambao wazazi wao walikuwa watoto ulipotoka. Hakuna noti iliyobadilishwa. Jina lilikuwa limekaa pale wazi, likingoja mtu mwingine wa kuitwa. Saida Karoli alipotoa Maria Salome mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliimba kwa Kihaya, na Watanzania wengi walishika jina na mdundo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipouchukua wakaufanya Salome, walibadilisha vyombo, kasi na mistari, lakini mwito hawakuugusa. Hiyo ni kopi ya watu wenye studio na fedha, na hata wao walijua ni kitu gani ambacho kikiondolewa wimbo hauuziki tena.

Mwito hata hivyo una masharti. Jambo Bwana, ulioandikwa na Teddy Kalanda Harrison na kutolewa na Them Mushrooms mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni darasa zima la umbo hili. Sehemu ya kwanza ni maamkizi: swali na jibu, swali na jibu, kama watu wawili wanaokutana mlangoni. Sehemu ya pili ni sifa za nchi zikitajwa moja moja, na kila sifa inafungwa na jibu lilelile la maneno mawili ambalo leo linajulikana hata na watoto wa Ulaya. Mgeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi anaweza kuimba nusu ya wimbo kabla ya chakula cha usiku. Anachotakiwa kufanya ni kungoja zamu yake, na zamu inakuja kila baada ya mstari. Boney M waliuona uzuri huo wakaurekodi mwaka 1983.

Lakini upige wimbo huohuo kwenye harusi ya Buguruni au sherehe ya kumuaga mstaafu Kisumu, utaona watu wanatabasamu kwa adabu na kubaki wamekaa. Wimbo haujaharibika. Ni kwamba mwito wake una anwani, na anwani hiyo ni ya mgeni. Hoteli ya Diani imejaa wageni, kwa hiyo kila meza inajiona imeitwa. Kwenye harusi ya mtaani kila mtu ni mwenyeji, na mwenyeji hakaribishwi nyumbani kwake. Hapa ndipo bendi nyingi zinapojikwaa. Zinabeba orodha iliyofana hotelini Ijumaa na kuipeleka harusini Jumamosi. Nyimbo ni zilezile, wanamuziki ni walewale, aliyebadilika ni anayeitwa.

Sina Makosa wa Les Wanyika unaita kwa njia ya tatu, na kwangu ndio umbo la hila kuliko yote. Bendi hiyo ilizaliwa mwaka 1978 baada ya wanamuziki kadhaa kujitenga na Simba Wanyika, na wimbo huu ukawa kitambulisho chake. Anayeitwa hapa ni hasimu. Mwimbaji anajitetea mbele ya mwanamume mwenzake aliyemkasirikia, na utetezi unaimbwa kwa sauti mbili zilizopandana, jambo la ajabu ukilifikiria: mshitakiwa mmoja, vinywa viwili. Sauti hizo mbili zinamvuta msikilizaji awe ya tatu. Angalia sakafu ya dansi wimbo huu ukipigwa. Wanaume wanaelekezeana vidole, mmoja anaweka mkono kifuani kama anayeapa, mwenzake anatikisa kichwa kukataa. Wanaigiza ugomvi wakicheka. Wimbo umewagawia nafasi, ya mlalamikaji na ya mtuhumiwa, na kila mtu ukumbini ana rafiki wa kumgeuzia.

Halafu kuna kasi. Nyimbo za Kikongo, na nyingi za dansi la Tanzania, zina sehemu mbili: ya kwanza ya maneno, taratibu, kisha chemko, ambapo ngoma inapanda na magitaa yanaachiwa. Sina Makosa haupandi hivyo. Mwendo unabaki uleule tangu gitaa la kwanza hadi mwisho, besi la Tom Malanga likitembea chini kwa utulivu. Kwa bendi ya kopi hili ni jambo kubwa. Chemko linahitaji mpiga solo wa kweli. Ukiwa naye wa wastani, sehemu iliyotakiwa kuwa kilele inakuwa dakika nne za aibu. Wimbo wa mwendo mmoja unamsamehe mpiga gitaa wa kawaida, mradi mpiga rizimu na mpiga besi hawatetereki. Wazee pia wanaupenda kwa sababu hiyohiyo. Hauwakimbizi.

Umbo hilo lina historia yake. Nyimbo nyingi zilizorekodiwa Nairobi miaka hiyo zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Kwa hiyo wimbo ulipumua katikati, msikilizaji akaigeuza santuri. Bendi zenye akili bado zinaitumia pumzi hiyo. Waimbaji wananyamaza, magitaa yanabaki yakizungumza kwa sauti ya chini, MC anataja majina ya wanamuziki na wenye fedha wanapanda kutunza. Dar es Salaam mambo yalikuwa mengine. Bendi zilirekodi kwenye kanda za Radio Tanzania, bila upande wa kugeuza, na ndiyo maana nyimbo za bendi kama Msondo na Sikinde (yaani Mlimani Park) humaliza hadithi yao yote kwanza ndipo ziingie kwenye chemko. Ukizikata katikati zinavuja. Bendi inayochanganya nyimbo za miji hii miwili katika saa moja inapaswa kujua kwamba moja ina mlango wa katikati na nyingine haina.

Mpaka hapa mtu anaweza kuniuliza: na nyimbo zisizomwita yeyote je? Mfano mzuri ni Lunch Time wa Gabriel Omolo, wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Unaeleza wafanyakazi wa Nairobi saa ya mapumziko ya mchana, nani anakula nini na nani anajilaza tu bustanini kwa sababu mfuko haumruhusu. Hakuna jina la kuvutwa wala ugomvi wa kuigizwa. Mwimbaji anatazama na kusimulia, nasi tunatazama naye. Ni wimbo mkubwa. Lakini upige saa sita za usiku, watu wakiwa wameloa jasho, utawaona wanarudi vitini mmoja mmoja. Wimbo wa kusimulia unamtaka msikilizaji aliyetulia, na aliyesimama hatulii.

Dawa si kuufuta. Upigwe watu wanapokula. Wakati sahani ziko mezani, masikio hayana kazi nyingine, na hadithi ya mlo wa mfanyakazi inasikika vizuri zaidi kwa mtu mwenye kuku mkononi, hata kama inamchoma kidogo. Mario wa Franco, wa mwaka 1985, uko katikati ya aina hizi mbili. Una jina la kuitwa, lakini umejengwa juu ya maongezi marefu ya Lingala, Franco akizungumza kama mjomba anayesuta na Madilu System akiimba. Bendi zetu nyingi hukata maongezi yote na kubakiza kiitikio na magitaa. Siwalaumu, kwa kuwa bila sauti ile nzito maongezi hayo yanageuka tangazo. Ila ijulikane kwamba kilichobaki ni wimbo mwingine, mfupi na mwepesi zaidi, ambao kazi yake ni kuchezwa tu.

Kwa hiyo orodha ya usiku mzima nayo ni utungo, na inaweza kuhakikiwa kama utungo. Saa ya chakula ni ya nyimbo za kusimulia na zile za kigeni zinazosikilizwa kwa mbali, Jim Reeves na Kenny Rogers, ambao Kenya haijawachoka. Watu wakianza kusogeza viti, ziingie nyimbo za mwendo mmoja, Sina Makosa na ndugu zake, zinazomruhusu mtu asimame bila kujitangaza. Majina yaje baadaye, mfululizo, na mwishoni kabisa mseto: mwito juu ya mwito, kila wimbo dakika mbili, bila ubeti wa pili hata mmoja. Mseto ni umbo la haki kwa nusu saa ya mwisho. Ukiwekwa mapema unakula akiba yote, na saa nne za usiku bendi inabaki haina cha kuita.

Palipo na mwito pana pia kitu kisichoguswa. Mtu hutambua wimbo kabla mwimbaji hajafungua mdomo, kwa kile kipande kifupi cha gitaa au tarumbeta kinachofungua. Hicho kipigwe kama kilivyo, noti kwa noti. Mpiga solo akijifanya mbunifu hapo, anawanyima watu ile sekunde ya kutazamana na kusema, "Huu!" Ufunguo unaweza kushushwa ili umfae mwimbaji, beti zinaweza kupunguzwa, tumba zinaweza kuzidi au kupungua, lakini kile kipande cha kufungulia ndicho hodi ya wimbo. Mtindo nao uheshimiwe. Sikinde na Msondo zina hatua zake, na wapenzi wao wanajua miguu inaanzia wapi. Bendi ikipiga Neema kwa ngoma ya Kikongo, mashabiki wa Sikinde watasimama wakitafuta hatua yao, kisha watakaa.

Umbo la mwito lina hatari yake, na ingekuwa ulaghai kulisifu bila kuitaja. Usiku wa miito mitupu unachosha. Baada ya majina sita mfululizo watu wanaitika kwa mazoea, kama darasa linalomjibu mwalimu. Ndiyo maana kila awamu ya nyimbo inahitaji wimbo mmoja ambao hakuna aliyeuomba. Uwe wa kusimulia, au wa bendi yenyewe, uwekwe baada ya watu kuchoka kidogo na kabla hawajaondoka. Hautashangiliwa sana, lakini jina litakalofuata litaitwa kwa sauti mpya.

Na wimbo wa bendi yenyewe hauko mbali na kopi kama wanamuziki wengi wanavyodhani. Them Mushrooms walikuwa bendi ya hoteli za Pwani walipotoa Jambo Bwana, wakipiga usiku baada ya usiku mbele ya wageni waliohitaji kusalimiwa. Baadaye walirudi kwa wakongwe, wakafanya kazi na Fundi Konde na kurekodi nyimbo za zamani chini ya jina la Zilizopendwa. Nikiusoma wimbo wao mashuhuri kwa umbo lake, naona watu waliokwisha kujifunza, kwa kupiga nyimbo za wengine, ni mahali gani mgeni huitikia na ni urefu gani wa mstari unaomngoja. Bendi inayotaka siku moja kuacha kopi na kuishi kwa nyimbo zake ianze kwa kuandika kwenye daftari lake, mbele ya kila wimbo inaoupiga, mambo mawili: nani anaitwa hapa, na amepewa nini cha kujibu. Wimbo ambao safu hizo mbili zimebaki tupu upigwe watu wakila.